Eti wiki 8 tu ubongo unanenepa?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Akili yangu haitulii kabisa, nakata kitambaa huku nawaza kodi ya fremu, simu ikiita tu kipimo cha kiuno nishasahau, juzi mikono ya gauni la mteja nimeishona kinyume. Shoga yangu kanionyesha video, eti ukikaa kimya ukafuatilia pumzi kila siku, wiki 8 ubongo unanenepa na umakini unarudi. Mama anasema hizo ni ibada za watu niachane nazo. Nishike lipi?

JIBU: Pole mdogo wangu, na huyo mteja sijui alikuachaje. Hiyo wiki 8 haikutoka hewani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, kule Massachusetts, Marekani, alianzisha kozi ya hospitali kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, mazoezi yenyewe kayachota kwa Wabudha ila ya dini akayatoa, kwa hiyo mama asili hajaikosea, lakini wewe unakaa tu unahisi pumzi ikipita puani, huombi chochote. Sasa mwaka 2011 watafiti wakapima watu 16 kwa MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kabla na baada ya kozi hiyo ya wiki 8, wakaona sehemu ya kumbukumbu, hipokampasi, imeongezeka kidogo, video zikashika hapohapo. Mwaka 2022 wenzao wa Wisconsin wakarudia na watu zaidi ya 200, hawakuona ubongo umebadilika umbo. Hilo la kunenepa lisahau.

Umakini ndo kwenye stori. Kuna mtandao wa ubongo unaochangamka akili ikizurura, na mwingine unaokushtua kwamba umezurura, halafu kuna sehemu za mbele zinazokurudisha kazini. Wengi wakikaa dakika moja wakajikuta wanawaza madeni wanasema mi hii siiwezi, kumbe pale unaposhtuka "aa, nishafika kwenye kodi" ukarudi kwenye pumzi ndo zoezi lenyewe, usijilaumu, rudi tu hata mara hamsini. Na usidhani unaumwa, utafiti wa Harvard wa 2010 uliokuwa unawauliza watu kupitia simu zao ulikuta karibu 47% ya muda akili iko kwingine. Wanafunzi huko California, 2013, walifundishwa wiki 2 tu wakasoma kwa kuelewa zaidi na kuzurura kukapungua. Ni nafuu ya kiasi lakini, usitegemee miujiza.

Jaribu dakika 10 baada ya swala ya alfajiri, kabla hujashika simu. Ukiona unapata hofu au kifua kinabana acha, wapo yanaowavuruga. Kama hali hii unayo tangu utotoni, au usiku hulali, nenda ukaonane na daktari, pumzi peke yake haitatosha. Na vipimo vya wateja andika kwenye daftari kabla ya kushika mkasi jamani, hiyo haihitaji wiki 8.