Kabla Hujasaini Skolashipu ya Mbio Marekani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, vijana wa Arusha, Manyara na Singida huanza kuniandikia. Swali ni moja: "Kaka, chuo gani kizuri?" Wananiuliza kwa sababu nilisoma Marekani kwa skolashipu ya mbio ndefu na sasa nawasaidia wanaotaka kufuata njia hiyo. Swali hilo huwa silijibu. Namrudishia mwulizaji la kwangu: timu ya chuo hicho inakua kwa sababu gani, na wewe unaingia wapi katika kukua huko?

Wengi hudhani ninawazungusha. Basi huwa nawapa mfano wa chuo ambacho Watanzania tunapaswa kukijua kuliko tunavyojua Harvard: Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, kwa kifupi UTEP. Kipo jangwani, mpakani kabisa na Mexico, ng'ambo ya mto ukiwa mji wa Ciudad Juárez. Hakikuwa chuo tajiri. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na mpira wa kikapu. Mwaka 1966, kikiitwa bado Texas Western, kocha Don Haskins alianza fainali ya taifa na wachezaji watano weusi, wakaifunga Kentucky 72 kwa 65. Habari hiyo imesimuliwa sana, na inastahili. Lakini hesabu mataji ya chuo hicho: ubingwa wa taifa wa NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, mara 21, na 20 kati yake umetoka kwa riadha na mbio za nyika.

Ilikuwaje? Miaka ya 1970 alikuja kocha aitwaye Ted Banks. Wakimbiaji bora wa Kimarekani walikuwa wakikimbilia vyuo vyenye majina, na El Paso haikuwa na cha kuwavutia, kwa hiyo akatafuta mbali, Afrika Mashariki ikiwemo. Kutoka Kenya walikuja akina Wilson Waigwa na Michael Musyoki, yule aliyepata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984. Kutoka kwetu alikuja Suleiman Nyambui, ambaye mwaka 1980 alipata fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow na mwaka huohuo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani. Akaja pia Gidamis Shahanga, ambaye tayari alikuwa na dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola ya 1978. Timu ya nyika ya UTEP ikachukua ubingwa wa taifa mara nne mfululizo, 1978 hadi 1981. Mwaka huo wa mwisho walishinda kwa pointi 17. Kwenye nyika hujumlishwa nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu, mwenye pointi chache ndiye mshindi, na pungufu kabisa unazoweza kupata ni 15, kwa hiyo unaweza kupiga picha wapinzani walivyoonekana siku ile.

Halafu ikakatika. Banks aliondoka, kanuni za umri zikabanwa, vyuo vingine vikajifunza njia ya kuja Afrika. Tangu 1982 UTEP haijachukua tena ubingwa wa taifa wa timu. Kimeendelea kutoa watu wakubwa, Emmanuel Korir wa Kenya akiwa mmoja wao: alikuwa bingwa wa vyuo wa mita 800 mwaka 2017, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Lakini angalia alikuwa anafundishwa na nani. Paul Ereng, Mkenya mwenzake, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1988, ambaye naye alishinda akiwa mwanafunzi wa chuo cha Marekani, Virginia.

Kwa hiyo ninapomwambia kijana achunguze timu, ninamaanisha amchunguze kocha kwanza. Timu nyingi za riadha za vyuo vya kule zinakua juu ya mtu mmoja. Akiondoka, zinabaki jezi na uwanja. Kwangu mimi kocha aliyenileta aliondoka mwaka wangu wa pili, akapata kazi penye mshahara mzuri zaidi. Aliyekuja alikuwa mtu wa mbio fupi na mitupo, muungwana sana, ila mbio ndefu kwake zilikuwa kitu cha kukamilisha kikosi. Skolashipu yangu haikuguswa, nashukuru. Ya mwenzangu mmoja ilipunguzwa mwaka uliofuata, na hakuwa na hoja ya kulalamikia, kwa sababu karatasi aliyosaini ilisema mwaka mmoja. Skolashipu nyingi za michezo zimekuwa hivyo: mwaka mmoja, halafu inahuishwa au haihuishwi. Muulize kocha kwa maandishi, si kwa WhatsApp ya sauti: je, ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote? Nikiumia goti, inakuwaje? Wewe ukihama, nani atanisimamia? Kocha mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Anayekasirika amekujibu.

La pili ni pesa, na hapa mambo yamebadilika karibuni kiasi kwamba ushauri wa mtu aliyesoma zamani, wangu ukiwemo, lazima upitiwe upya. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha na nyika katika Daraja la Kwanza la NCAA iliruhusiwa skolashipu 12.6 tu, ya wanawake 18. Hizo ziligawanywa kwa kikosi chenye makumi ya watu. Ndiyo maana kijana anatangaziwa kijiji kizima kwamba "amepata Marekani", mbuzi anachinjwa, kumbe barua inasema asilimia 40 ya ada. Nani analipa hizo 60? Baba mmoja alinijia na barua ya namna hiyo akiwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Nilimwambia: "Mzee, shikamoo, lakini shamba liache kwanza." Tulimwandikia kocha pamoja, tukamweleza hali ilivyo, akaongeza kidogo, haikutosha, kijana akaenda chuo kingine cha miaka miwili kilichompa ada, chakula na kitanda. Vyuo hivyo vya miaka miwili, pamoja na vile vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, watu wetu huvidharau bure. Wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki walianzia huko ndipo wakahamia vyuo vikubwa.

Tangu tarehe 1 Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA, inayojulikana kama House, vyuo vilivyoingia katika mpango huo vimeondolewa kikomo cha skolashipu na badala yake vimewekewa kikomo cha watu: 17 kwa nyika, 45 kwa riadha. Vilevile vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Vijana wameshangilia. Mimi nawaomba watulie. Sehemu kubwa ya fedha hizo inaelekea kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu, na lazima zitoke mahali fulani. Chuo kinaweza kuwa kinakua kwa kishindo, uwanja mpya, kocha mkuu wa mamilioni, huku timu ya mbio ndefu ikinyimwa hata nauli ya mashindano. Isitoshe, mwenye visa ya mwanafunzi, ile ya F-1, amebanwa sana kuhusu kazi na malipo. Kibarua ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na malipo ya kutumia jina na sura yako kwenye matangazo yana utata wa kisheria kwa mgeni. Usiwaahidi nyumbani mabati kwa pesa hizo.

Kikomo cha watu nacho kina makali yake. Nafasi zikiwa 17, kocha anamtaka anayeleta pointi leo. Na kwa kuwa sasa wanafunzi huhama chuo hadi chuo bila kukalishwa nje msimu mzima, anaweza kumchukua mtu wa mwaka wa tatu aliyekwishazoea baridi na Kiingereza cha darasani, akakuacha wewe wa UMISSETA mwenye muda mzuri ulioshikwa kwa saa ya mkononi. Muda wa saa ya mkononi, tusidanganyane, kule hauhesabiwi. Tafuta mashindano yenye matokeo rasmi, hata kama ni moja tu kwa mwaka.

Umri pia. Nyambui alikuwa na miaka 27 aliposhinda nyika ya vyuo. Siku hizi ukishamaliza sekondari, saa inaanza kutembea, na ukikaa muda mrefu ukikimbia mashindano kabla ya kujiunga unaweza kupoteza misimu yako ya kushindana. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, soma za mwaka wako kwenye tovuti ya NCAA yenyewe. Kijana wetu anamaliza kidato cha sita, anapitia JKT, anarudi, anazunguka mbio za barabarani za zawadi ya fedha, ndipo anakumbuka chuo. Hizo zawadi nazo zina masharti. Kabla ya kupokea bahasha, uliza.

Dalali anayedai ada kubwa ili "akuunganishe" muache. Kocha anayekutaka atakutafuta bure, na barua pepe yake itaishia kwa anwani ya chuo.

Kazi moja ya mwisho kabla ya kusaini. Ingia kwenye ukurasa wa timu, tafuta Mwafrika wa mwaka wa pili ambaye hayumo kwenye picha kubwa, yule anayemaliza wa saba au wa kumi kikosini. Nyota atakusifia chuo, kwa kuwa chuo kinamsifia yeye. Huyu wa kumi atakwambia ukweli. Muulize wanafanya mazoezi saa ngapi kweli, kwa sababu kikomo cha NCAA ni saa 20 kwa wiki msimuni na mambo mengi "ya hiari" hayahesabiwi. Muulize nani analipa akienda kwa daktari. Na muulize likizo ya Krismasi analala wapi, maana mabweni mengi hufungwa na tiketi ya kurudi Kilimanjaro haimo kwenye skolashipu.