Ufuo Uachwe Wazi, Mji Uanzie Nyuma Yake

SWALI: Mshauri mpendwa, pokea salamu kutoka Mbita. Sisi ni familia sita za ukoo mmoja, na tumerithi shamba la ekari 10 linalogusa Ziwa Victoria. Tumekubaliana tusiliuze kwa mtu mmoja, bali tuanzishe hapo mji mdogo ambamo mtu ataweza kuishi bila gari, na wageni wakija wapande vilima vya Gembe, waende kisiwa cha Rusinga kwa baiskeli na kuona wanyama wa hifadhi ya Ruma. Mkandarasi tuliyemwendea ametuchorea ploti za futi 50 kwa 100, barabara pana ya lami kando ya maji, na ukuta wenye lango moja la askari. Anashauri tuuze kwanza ploti za mbele kwa sababu ndizo zenye bei. Wazee wamependezwa, sisi vijana tuna wasiwasi, ila hatujui namna ya kuueleza. Tufanyeje?
Msomaji, Mbita

JIBU: Ndugu msomaji, wasiwasi wenu una msingi, na njia nyepesi ya kuueleza mbele ya wazee ni hesabu. Ekari 10 ni takriban hekta 4. Ikiwa shamba lenu lina umbo la mraba, kila upande una mita 200 hivi. Upande wa ziwani unatosha ploti 13 za upana wa futi 50, na mkitoa barabara pamoja na ukanda wa hifadhi ya ziwa, shamba zima litatoa ploti kama 60. Maana yake ni kwamba mchoro huo unawauzia ziwa watu 13 na kuwaacha 47 wakitazama migongo ya nyumba za wenzao. Hao 13 watalipa vizuri, sikatai, lakini watalipa mara moja tu, na hao wengine hawatakuwa na sababu ya kununua kwenu badala ya kununua popote kando ya barabara ya Homa Bay. Ufuo ukiachwa wazi kwa wote, hata ploti ya nyuma kabisa inakuwa ya ziwani, kwa kuwa mwenyewe anayafikia maji kwa mwendo wa dakika tatu.

Yuko mtu aliyewahi kurithi ardhi kama ninyi akafuata njia hii. Robert Davis, Mmarekani aliyeachiwa na babu yake ekari 80 kwenye pwani ya Florida, alianza mwaka 1981 kujenga mji wa Seaside pamoja na wasanifu Andrés Duany na Elizabeth Plater-Zyberk. Walichora mitaa myembamba, nyumba zenye veranda zinazotazama njia ili mwenye nyumba na mpita njia waweze kusalimiana, na vijia vya mchanga vinavyopita nyuma ya nyumba. Mitaa nayo ikaelekezwa kwenye ufuo wa pamoja badala ya kufungiwa na nyumba za matajiri. Mji ulipendwa mno, na hapo ndipo ulipoponzwa: bei zilipanda, nyumba nyingi zikawa za kupangisha watalii, na wale wanaotandika vitanda na kupika hotelini wakawa wanatoka mbali kwa magari. Kwa hiyo mji wa kutembea ulibaki kuwa wa kutembea kwa mgeni peke yake. Ninyi tengeni tangu sasa ploti ndogo na vyumba vya kupanga kwa mwalimu, muuguzi na mvuvi, na muandike katika hati za makubaliano ya ukoo kwamba sehemu hiyo haitauzwa.

Hata hivyo, si lazima mvuke bahari kutafuta mfano. Mji wa kale wa Lamu, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, umeishi kwa miguu na punda kwa karne nyingi, na mtaa wake mkuu, Usita wa Mui, ni mwembamba kiasi kwamba kivuli cha nyumba za upande mmoja huwafunika wapitao. Mtu anayetembea Lamu saa saba mchana hachomwi na jua kama anayetembea kwenye barabara pana ya mji wa kisasa. Tena mbele ya nyumba kuna baraza, mahali pa kuketi panapomfanya mwenye nyumba kuwa mlinzi wa mtaa bila mshahara. Mkandarasi wenu anataka kuwauzia askari na ukuta; mimi ningeanza na mabaraza na njia za upana wa mita tatu au nne, nikiacha njia mbili imara zinazoweza kupitisha gari la wagonjwa, la zimamoto na la maji. Magari ya wakazi yakae kwenye uwanja mmoja upande wa barabara kuu.

Sasa niwaambie jambo ambalo huenda lisiwafurahishe. Ekari 10 si mji. Wapangaji wa miji hukadiria kwamba mtu hutembea mita 400 kwa dakika tano, na kwa kipimo hicho hata mzee mwenye mkongojo atalivuka shamba lenu kabla uji haujapoa. Kutembea ndani ya shamba hakuna taabu yoyote, hata mkijenga vibaya. Taabu iko nje ya lango: je, mtoto atafika shuleni, mama zahanati, na msafiri kwenye gati la feri inayovuka kwenda Luanda Kotieno bila kugombania ukingo wa barabara na bodaboda? Duka la unga nalo halisimami kwa wateja wa nyumba 60. Linawahitaji wapita njia. Mkijizungushia ukuta mtakuwa mmejenga hoteli isiyo na mpishi. Kwa hiyo shilingi za kwanza za ujenzi zitumike kwa njia ya miguu inayowaunganisha na Mbita mjini, hata kama italazimu kuomba ridhaa ya majirani na kuketi na serikali ya kaunti, kabla ya kumwaga zege lolote ndani.

Ufuo wenyewe, nadhani mnafahamu, tayari una watu. Pale mgeni anapoona mchanga wa kupumzikia, mwanamke wa Mbita anaona mahali pa kuanikia omena, yaani dagaa wa ziwani, na vikundi vya usimamizi wa ufuo, ambavyo wengi huviita BMU, vinatambuliwa na sheria. Zungumzeni navyo kabla ya kuchora. Nimewahi kuona mahali ambapo wageni walianza kulalamikia harufu ya samaki mwezi wa pili baada ya kuhamia, na ugomvi huo haukwisha. Tengeni kipande cha ufuo chenye chanja za kuanikia omena, mbali na upande ambao upepo wa ziwani hupuliza kuelekea nyumba. Omena wanaokaushwa juu ya chanja hawana mchanga, hivyo huuzika vizuri zaidi, na hapo mtakuwa na jambo la kuwapa wanawake hao badala ya kuwanyang'anya.

Kuhusu maji, msijenge kwa kumbukumbu ya kiangazi. Mwezi Mei mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kupita kidogo kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kimeshikilia rekodi, na nyumba, gati na mashamba mengi ya kandokando yakaingia majini. Ulizeni wazee maji yalifika wapi katika miaka hiyo miwili, mpigilie vigingi hapo, kisha muanze kupima kutoka kwenye vigingi kwenda nchi kavu. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukanda wa hifadhi wa ziwa wa hadi mita 30. Nawashauri mchukue 30 bila kubishana. Barabara ya lami kando ya maji, basi, isahauliwe. Hapo pawe na kijia cha udongo ulioshindiliwa, na mafunjo yaliyopo yasikatwe, kwa kuwa huchuja tope na huwapa samaki mahali pa kuzalia. Kule Dunga, karibu na Kisumu, vijana wenyeji huwatembeza wageni kutazama ndege katika mafunjo na kulipwa kwa kazi hiyo. Kumbukeni pia kwamba kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo kijia hicho kifungwe jua linapozama. Wageni waogeleao nao waambiwe ukweli kuhusu kichocho, kwani konokono wake hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia penye majani.

Ruma ni hazina yenu kubwa kuliko mnavyodhani. Hifadhi hiyo ya kilomita za mraba 120 hivi ndiyo kimbilio la korongo nchini Kenya, nami nasema korongo yule paa mkubwa, si ndege. Lakini haifikiki kwa miguu kutoka kwenu, na msiwaahidi wageni hivyo. Kinachofikika ni vilima vya Gembe na daraja la Rusinga, ambako lipo kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa mashuhuri wa Kenya. Njia za vilimani hupita katika mashamba ya watu. Patanani na wenye mashamba juu ya malipo na vivuko kabla ya kuchapisha ramani yoyote.

Mwisho, msimlipe mkandarasi hata senti kabla ya kupata idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya kugawa shamba, kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na tathmini ya athari kwa mazingira inayowasilishwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

SWALI: Kikundi chetu hapa Kisumu kinataka kupanda miti kando ya kijia kinachoelekea ziwani. Tupande ipi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mwarobaini hustahimili jua na hauhitaji kubembelezwa, na mkungu hutanda kivuli kipana katika miaka michache. Mwembe una kivuli kizuri zaidi, ila msimu wa maembe ukifika kijia chenu kitakuwa uwanja wa mawe. Mkaratusi msiupande, kwa maana hunywa maji mengi na kivuli chake ni haba. Mkiukuta mkuyu mkubwa njiani, pindeni kijia kiuzunguke, na mabomba ya maji yapitishwe mbali na mizizi yake.