Maswali ya wasomaji: Muhuri kwenye kadi ya chakula

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninajitolea katika kikundi cha waumini kinachopika wali na maharage mara mbili kwa wiki kwa ajili ya watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka hapa Mtwara mjini, wengi wao wakiwa vibarua waliokuja msimu wa korosho wakakosa nauli ya kurudi kwao. Tangu mwezi uliopita viongozi wetu wameagiza kwamba kadi ya chakula igongwe muhuri baada ya kipindi cha mafundisho ya dini, na asiyehudhuria asipewe sahani. Juzi nilimrudisha mzee mmoja mwenye kofia ya darizi. Alinitazama, akaitazama sufuria, akaondoka bila kusema neno. Je, sheria inaruhusu jambo hili? Na dini je?
Msomaji, Chikongola, Mtwara

JIBU: Marahaba. Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo fupi. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, na inasema kwamba kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Hakuna askari atakayekuja kuuchukua muhuri wenu, maana chakula ni chenu na hakuna awezaye kuwadai sahani ya wali mahakamani. Watoto, hata hivyo, wana ulinzi wa ziada: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya dini, kwa hiyo kama wamo katika foleni yenu, waambie viongozi wako leo hii.

Mambo hubadilika pale mkono wa serikali unapoingia. Nchini Marekani, ambako makanisa mengi huendesha malazi ya watu wasio na makazi, shirika la dini linalopokea fedha za serikali kuu moja kwa moja hutakiwa kutenganisha ibada na huduma, kwa saa au kwa mahali, na kumwachia mhitaji hiari ya kuhudhuria. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ya shirikisho iliruhusu kesi ya mtu wa jimbo la Colorado iendelee, mtu ambaye alipoachiwa kwa masharti kutoka gerezani alitakiwa na ofisa aliyemsimamia akae katika makazi ya Kikristo na kushiriki ibada zake, la sivyo arudi gerezani. Kikundi chenu hakimtumi mtu gerezani, lakini njaa nayo ina namna yake ya kumshurutisha mtu, na hapo ndipo neno “hiari” linapopwaya.

Hukutaja dini ya kikundi chenu (ingawa kofia ya yule mzee imenidokeza), na umefanya vyema, kwa sababu jibu halibadiliki. Qur'ani, katika sura ya Al-Insan aya ya 8 na ya 9, inawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mfungwa huku wakisema kwamba hawataki kwao malipo wala shukrani, na kuhudhuria darasa kwa lazima ni malipo kama yalivyo malipo mengine. Papa Benedict XVI, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, aliandika kwamba matendo ya huruma yasitumiwe kuwa njia ya kuwavuta watu waingie katika dini. Hata kanuni za maadili za misaada ya maafa za mwaka 1994, ambazo Caritas Internationalis (shirikisho la misaada la Kanisa Katoliki) na Shirikisho la Walutheri Duniani walikuwa miongoni mwa waliozidhamini, zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kidini.

Msomaji mwingine atauliza: mbona kamati ya zaka huwapa Waislamu peke yao? Hilo ni jambo jingine. Zaka ina mafungu yake manane katika sura ya At-Tawba, na wanazuoni wengi wanaona kwamba fungu la masikini ni la Waislamu, ilhali sadaka ya kawaida anapewa yeyote. Mfuko wenye mipaka iliyotangazwa mapema haumshawishi mtu abadili chochote. Muhuri wenu unamshawishi. Vivyo hivyo, kumzuia mlevi au mwenye kisu asiingie ni kulinda usalama wa mahali, wala si sharti la dini.

Viongozi wako huenda wanaamini kwamba muhuri unaleta waumini. Miaka kadhaa iliyopita nilimfahamu kibarua mmoja pale Mikindani aliyesilimu siku ya Ijumaa na kubatizwa Jumapili ya mwezi uleule, kila upande ukimhesabu kuwa wake, na yeye mwenyewe akihesabu siku ambazo angekula. Wapendekezee kwamba chakula kitolewe kwanza, kisha kipindi kifanyike upande wa pili wa uwanja kwa anayetaka kubaki, na kadi ibaki kuwa ya kuhesabu sahani tu. Wakikataa, usiwaache mara moja. Omba ubaki jikoni na mwingine ashike muhuri. Na yule mzee mtafute, umpelekee sahani yake.

SWALI: Je, anayetamka maneno ya dini isiyo yake ili apate pa kulala anakuwa ametoka katika dini yake?
Msomaji, Mingoyo, Lindi

JIBU: Kwa Mwislamu, aya ya 106 ya sura ya An-Nahl inamtoa hatiani aliyelazimishwa huku moyo wake umetulia katika imani, lakini kama kukosa malazi kunahesabiwa kuwa kulazimishwa, hilo amuulize sheikh wake akiwa amemweleza hali yake yote. Kwa upande wa Wakatoliki, kanuni ya 748 ya sheria za Kanisa inakataza kumlazimisha mtu aingie katika imani kinyume cha dhamiri yake, kwa hiyo aliyeweka sharti ndiye mwenye maswali mengi zaidi ya kujibu. Kwa usiku wa leo, aanze kwa mwenyekiti wa mtaa, na kesho asubuhi afike kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.