Wasanii weusi wa Marekani kabla ya Harlem

Ndugu, umeuliza kama Marekani ilikuwa na wasanii weusi wa maana kabla ya Harlem ya miaka ya 1920, yaani mtaa wa New York ambako sanaa ya watu weusi ilichanua. Walikuwepo. Shida ni nani aliyeshika kalamu ya kuandika historia ya sanaa.

Mchukue Edmonia Lewis: baba mweusi, mama wa ukoo wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Alihamia Roma kuchonga marumaru, na mwaka 1876 sanamu yake ya kifo cha Kleopatra, malkia wa Misri ya kale, ikaoneshwa kwenye maonyesho makubwa huko Philadelphia. Unajua iliishia wapi? Kwenye kaburi la farasi, karibu na Chicago, kwa sababu farasi naye aliitwa Cleopatra! Leo iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Miaka 100 baada ya Philadelphia, David Driskell, msanii na mwanahistoria wa sanaa, alikusanya kazi za wasanii weusi za karne mbili katika maonyesho moja huko Los Angeles. Anzia hapo.

Ila usimsome Lewis kwa rangi yake tu. Wengi wanakwama hapo (hata mimi nilikwama), wanasahau kuitazama sanamu yenyewe. Mchongaji mwingine Mmarekani, William Wetmore Story, alimchonga malkia huyohuyo akiwa amezama kwenye mawazo. Lewis alimchonga ameshakata roho, kichwa kimelala.