Kura yetu ya 2010

Mmeuliza wiki hii: je, vikwazo vya uchumi vinaweza kuizuia nchi kutengeneza bomu la nyuklia? Vinaweza, ila aliyebanwa ajue ni lini ataachiwa, na aamini ataachiwa kweli.

Nimekulia Mbale, Uganda. Oktoba 1978, Marekani ilipopiga marufuku kahawa yetu kwa sababu ya utawala wa Idi Amin, kahawa haikukaa ghalani. Ilivuka usiku kwenda Kenya kwa magendo, kama ilivyokuwa ikivuka tangu zamani. Walionenepa ni akina mafutamingi, wenye ndugu jeshini. Mama alikuwa kwenye foleni ya sabuni. Amin aliondoka Aprili 1979 kwa mtutu wa bunduki, na hadi leo wazee wa mtaani kwetu hawasemi kwamba aling'olewa na kahawa.

Ndiyo maana kura ya Uganda ya 2010, ya kuiwekea Iran vikwazo, iliniuma. Aprili mwaka ule Rais Ahmadinejad wa Iran alipokewa Kampala kama mgeni wa heshima. Tarehe 17 Mei, Brazil na Uturuki zikakubaliana na Iran ipeleke Uturuki kilo 1,200 za urani, ipewe fueli ya kinu chake cha utafiti. Tarehe 9 Juni, Uganda ikiwa mjumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tukaunga mkono Azimio namba 1929 la vikwazo dhidi ya Iran. Brazil na Uturuki zikakataa. Hata mwezi mmoja hatukuyapa yale makubaliano!

Nakiri, vikwazo viliibana Iran. Lakini kilichopunguza urani ni mkataba wa 2015 kati yake na mataifa makubwa, kwa sababu uliandika wazi: fanya hiki, uondolewe kile. Iran ikasafirisha zaidi ya tani 11 za urani kwenda Urusi, urutubishaji (kuikoleza urani, ambayo ikikolezwa sana inafaa kwa bomu) ukawekewa kikomo cha asilimia 3.67, wakaguzi wa kimataifa wakaingia. Mei 2018 Marekani ikajitoa na kurudisha vikwazo vyake, ingawa wakaguzi walikuwa wakiripoti kwamba Iran inatimiza masharti. Kufikia Aprili 2021 Iran ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60. Ungekuwa wewe, ungeamini sahihi ya nani tena?

Septemba 2025 Azimio namba 1929, lililokuwa limeondolewa kwa mkataba ule, lilirudishwa, miezi mitatu baada ya Natanz na Fordow, vituo vya Iran vya kurutubisha urani, kupigwa mabomu. Lina kura yetu ndani yake. Siku Uganda itakapoketi tena kwenye Baraza lile, balozi wetu aulize kabla ya kunyoosha mkono: vikwazo hivi vitaondolewa kwa sharti gani, na nani atazuiwa asilivunje?