Kona za mfarishi zinapofura

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba tabaka tatu za mfarishi wako wa viraka (uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha chini) zimekwisha kushonwa pamoja, ila kona zinafura kila unapokunja kitambaa cha chini kije juu kuwa pindo. Tatizo hilo mara nyingi huanzia kwenye ukataji. Punguza pamba ilingane na ukingo wa uso, ukikishikilia kando kitambaa cha chini ili mkasi usikiguse (nimewahi kukitoboa, na kiraka hakikufichika), kisha kiache kizidi kwa sentimita 2.5 pande zote. Kwenye kila kona, kunja ncha yake kuelekea ndani mpaka mstari wa mkunjo uguse hasa kona ya uso, piga pasi, halafu kata ncha hiyo ukibakiza kama milimita 6 kutoka kwenye mkunjo; hapo ndipo unene unapoondoka. Sasa, kila upande, kunja nusu kitambaa kilichozidi ili ukingo wake ufikie ukingo wa uso, ukunje tena juu ya uso, na pindo mbili zitakutana kwa mshazari wa nyuzi 45, ambao nakusihi uushone kwa mkono.

Ikiwa kitambaa kilichozidi hakifiki sentimita 2, usikivute, kwa maana ukingo utajikunyata. Mwone fundi mzoefu akushonee utepe wa pembeni, yaani kitambaa kingine chembamba cha kufunika ukingo.