Bonasi ya kasino ina gharama yake, ipigie hesabu kabla hujaikubali

Mkuu, umeuliza ubeti vipi ili ufaidi bonasi ya asilimia 100 uliyowekewa mezani, yenye sharti la kuzungusha mara 35, na kama mtindo wa kudabo dau kwenye ruleti (lile gurudumu la namba nyekundu na nyeusi) kila ukiliwa utakusaidia kumaliza sharti haraka. Nimecheza na bonasi za aina hiyo miaka mitatu, na kila moja nimeiandika daftarini: nilichoweka, nilichoongezewa, nilichozungusha, nilichofanikiwa kutoa. Mwaka wa kwanza nilichukua bonasi 41. Nilizofika nazo mpaka kutoa hela ni 6. Kwa hiyo ninachokuambia nimekilipia.

Tuanze na hesabu, maana mbinu zote zinasimama juu yake. Umeweka 100, wao wameongeza 100. Mara 35 ya bonasi ni 3,500, na hiyo ndiyo jumla ya madau unayotakiwa kupitisha kabla ya kuruhusiwa kutoa chochote. Sloti, yaani mashine ya kuzungusha picha, yenye marejesho ya asilimia 96 (sehemu ya madau inayorudi kwa wachezaji) hubaki na 4 katika kila 100 inayopita. Asilimia 4 ya 3,500 ni 140. Maana yake, kwa wastani unaikomboa bonasi ya 100 kwa gharama ya 140. Ni makadirio tu, kwa sababu anayeishiwa mapema hafiki kwenye hizo 3,500, hasara yake inaishia pale salio lilipoisha. Lakini makadirio hayo yangeniokoa mara nyingi sana kama ningeyajua mapema.

Njia ya mkato ninayotumia siku hizi: chukua 100, gawanya kwa asilimia inayobaki na kasino. Kwa sloti ya asilimia 96 ni 100 kwa 4, unapata 25. Sharti likiwa chini ya mara 25 ya bonasi, kuna kitu cha kugombea. Likizidi hapo, unaizungushia kasino hela zake kwa gharama yako. Uingereza mdhibiti wao wa kamari ameweka kikomo cha mara 10 kuanzia Januari 2026; kwa mara 10 gharama ya bonasi hiyo hiyo inashuka kutoka 140 hadi 40. Unaona jinsi namba moja kwenye masharti inavyobeba kila kitu.

Sasa soma tena sentensi yenye hiyo 35. Ni mara 35 ya bonasi, au ya bonasi pamoja na ulichoweka? Ikiwa ni vyote viwili, unazungusha 7,000, na gharama ya wastani ni 280 wakati akaunti nzima ina 200. Mchezaji wa kawaida hapo anaishiwa njiani. Mimi nilichukua bonasi tisa za namna hiyo kabla sijagundua tofauti ya hayo maneno, na hakuna hata moja niliyoimaliza.

Kuhusu ruleti na kudabo. Dau likianza 1, ukaliwa mara nane mfululizo, umeshatoa 255 kwa kutafuta faida ya 1. Kwenye gurudumu la namba 37, kuliwa mara nane mfululizo ukiwa upande wa nyekundu kunatokea takribani mara moja katika kila majaribio 207, na mtu anayezungusha maelfu atakutana nako tu. Fungu la kasino ni lile lile asilimia 2.7, upange madau yako utakavyo. Kuna tatizo jingine la karibu zaidi: bonasi nyingi zina kikomo cha dau, mara nyingi 5 kwa mzunguko. Ukianza na 1, ukaenda 2, ukaenda 4, dau linalofuata ni 8 na umeshavunja masharti. Hili naliongea kwa uchungu. Kuna kasino nilimaliza sharti lote, nikaomba kutoa, wakanifutia ushindi wote kwa sababu ya mzunguko mmoja wa 6 niliobonyeza usiku nikiwa nimechoka. Mfumo haukunizuia kuweka dau hilo. Walilitafuta baadaye, nilipoomba hela.

Kisha angalia mchango wa mchezo, yaani dau la mchezo huo linahesabiwa kwa asilimia ngapi kwenye sharti. Watu husikia kwamba blakjeki, ule mchezo wa karata, ikichezwa kwa kufuata jedwali la maamuzi sahihi inabakiza kama nusu ya asilimia tu kwa kasino, wanakimbilia huko. Ila masharti mengi yanaihesabu blakjeki kwa asilimia 10. Dau la 10 linahesabiwa kama 1. Kumaliza 3,500 unapitisha 35,000, na nusu ya asilimia ya hiyo ni 175. Umepita gharama ya sloti. Ruleti nayo mara nyingi huwekwa kwenye kundi hilo hilo au huondolewa kabisa, na kubeti nyekundu na nyeusi kwa wakati mmoja huhesabiwa kuwa udanganyifu.

Kwa hiyo ukiamua kucheza, kazi halisi iko kwenye kuchagua bonasi na kuchagua sloti. Fungua ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe usome marejesho, usitegemee ulichosoma kwingine, kwa kuwa sloti ya jina moja hutolewa kwa matoleo kadhaa na kila kasino huchagua lake. Nimekuta sloti niliyoizoea kwa asilimia 96 imewekwa kwa 94. Kwenye 3,500 zako tofauti hiyo inapandisha gharama kutoka 140 hadi 210. Hakikisha pia haimo kwenye orodha ya michezo iliyokatazwa. Dau liwe dogo, mimi hutumia sehemu moja ya 200 ya salio, kwenye sloti zinazolipa kidogo kidogo, pale sharti linapokuwa jepesi kiasi kwamba ninataka nilifikie mwisho.

Aina ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo hela yako huchezwa kwanza na bonasi hukaa pembeni ikisubiri. Ukipata ushindi mzuri kabla hela yako haijaisha, unatoa na kuiachia bonasi. Zile 6 nilizofanikiwa, 4 zilikuwa za aina hiyo. Hapo nacheza kwa ujasiri kidogo, dau kubwa zaidi, kwa kuwa nisipofanikiwa bado nina nafasi ya pili. Ila ikishaingia bonasi, masharti yote yanaanza kazi na narudi kwenye dau dogo. Inayofuata ni marejesho ya sehemu ya hasara yasiyo na sharti la kuzungusha, hata yakiwa asilimia 10 tu. Mizunguko ya bure naichukua ikiwa haina masharti. Ikiwa na kikomo cha kutoa, tuseme 50, basi hata ukishinda 900 yako ni 50.

Thibitisha kitambulisho chako kabla ya kuweka hela, na ukishaomba kutoa usibatilishe ombi hata likichukua siku tatu. Nimebatilisha mara mbili, na mara zote mbili salio liliisha usiku ule ule. Na mkuu, kama hiyo 100 ina kazi nyingine nyumbani, usiiweke. Bonasi huwa na tarehe ya mwisho, ndiyo maana inakufanya uhisi unachelewa, na mimi mwaka ule wa kwanza niliweka hela za mahitaji kwa kuogopa tarehe.

Kwa hiyo bonasi yako kama ulivyoieleza, mimi ningeweka hela bila kuikubali, au nisingeweka kabisa. Kabla hujaamua, andikia huduma kwa wateja uwaulize mambo matatu: 35 inahesabiwa juu ya nini, dau la juu ni ngapi, na hela ipi inachezwa kwanza. Wakujibu kwa maandishi, uhifadhi picha ya majibu, kisha yaweke hapa tuipige hesabu pamoja.